Mgeni Aliyepewa Jembe: Wahindi wa Mkataba katika Visiwa vya Fiji

Wahenga wa pwani walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ina adabu ya pande mbili. Humkumbusha mgeni kuwa ukarimu una mpaka wake, na humkumbusha mwenyeji kuwa mtu akishakaa nyumbani hapana budi apewe nafasi katika kazi za nyumba. Mwenye kutoa jembe ni mwenyeji. Shamba ni la mwenyeji. Na mavuno huliwa na wote wawili. Ndani ya methali hamna mtu wa tatu.

Historia ya watu waliokwenda ng'ambo kufanya kazi katika visiwa vya Fiji, katika Bahari ya Pasifiki, ni historia ya mgeni na mwenyeji walioingiliwa na mtu wa tatu. Kati ya mwaka 1879 na mwaka 1916 merikebu zilisafiri mara 87 kutoka Bara Hindi mpaka Fiji, zikachukua zaidi ya watu 60,000, wanaume, wanawake na watoto. Watu hao walitiwa jembe mkononi karibu mara tu baada ya kushuka. Aliyewapa hakuwa mwenyeji wa visiwa, wala mwenyeji hakuulizwa kama awataka. Wao wenyewe waliulizwa, lakini kwa namna ambayo jibu lake lilikuwa limekwisha kutayarishwa. Yafaa kueleza jinsi jambo hilo lilivyotendeka, na kwa nini deni lake lilidumu kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya waliolifanya kuondoka.

Fiji ina visiwa zaidi ya 300, na vilivyo vikubwa ni viwili, Viti Levu na Vanua Levu. Tarehe 10 Oktoba, 1874, Cakobau na machifu wenzake walitia sahihi, katika mji wa Levuka, hati ya kukabidhi visiwa vyao kwa Malkia Victoria wa Uingereza. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1875, Cakobau alirejea kutoka ziara ya Sydney katika manowari ya Kiingereza, na ndani ya manowari hiyo mlikuwa na ugonjwa wa surua. Miili ya wenyeji haikuwa na kinga ya maradhi hayo. Machifu waliokusanyika kumlaki mkubwa wao waliyachukua wakayapeleka makwao, na inakadiriwa kuwa watu 40,000 walikufa, yaani zaidi ya robo ya wenyeji wote. Waswahili husema pia, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Fiji mgeni alikuja, na mwenyeji akafa.

Katika msiba huo ndimo alimoingia gavana wa kwanza aliyetumwa kukaa, Sir Arthur Gordon. Aliona mbele yake mambo mawili yasiyopatana. La kwanza, aliamini kuwa Wafiji wakiondolewa vijijini na kupelekwa katika mashamba ya Wazungu watakwisha kabisa. Kwa sababu hiyo alizuia kuuzwa kwa ardhi yao, akawatawala kwa kupitia machifu wao, akaagiza kodi yao ilipwe kwa mazao badala ya fedha. La pili, koloni lilihitaji fedha, na serikali ya London haikupenda kulilisha. Fedha zilikuwa katika miwa, na miwa hutaka mikono mingi. Mikono ya watu wa visiwa vya Solomon na New Hebrides, ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu, ilikuwa ikitumika tangu hapo, lakini haikutosha, na namna walivyopatikana ilikuwa imejaa hila na ukatili.

Gordon alikuwa amepata kuwa gavana wa Trinidad na wa Mauritius. Huko, baada ya utumwa kukomeshwa, mashamba ya miwa yalilimwa na Wahindi wa mkataba. Basi dawa aliyoitaka aliijua ilipo. Wahindi wakaitwa, na kampuni ya sukari ya Sydney, Colonial Sugar Refining Company, ikavutwa kuja kuweka mtaji wake. Kampuni hiyo ilifungua kinu chake cha kwanza Nausori, kando ya mto Rewa, mwaka 1882, kisha vingine vikafuata Ba, Labasa na Lautoka. Tangu hapo mambo matatu yalifungamana: ardhi ya Mfiji ililindwa, faida ya kampuni ikapatikana, na gharama ya yote mawili ikalipwa kwa jasho la Mhindi. Yampasa mwanafunzi aushike ukweli huu, kwa kuwa bila huo hawezi kufahamu ugomvi uliokuja baadaye. Siasa iliyomwokoa mwenyeji ndiyo iliyomfunga mgeni.

Watu hao walipatikanaje? Wengi, wapatao 45,000, waliondokea bandari ya Calcutta, nao walitoka katika wilaya za kaskazini kama Basti, Gonda, Faizabad na Azamgarh. Tangu mwaka 1903 wengine wapatao 15,000 waliondokea Madras, kutoka nchi za kusini ambako Kitamili na Kitelugu husemwa. Waliowatafuta walikuwa mawakala waliolipwa kwa kila kichwa, na wanavijiji waliwaita arkati. Arkati hakuwa na haja ya kumfunga mtu kamba. Alikaa sokoni, katika vituo vya gari la moshi na katika miji ya hija, akamtazama aliyechoka, aliyegombana na nduguze, mjane aliyefukuzwa na wakwe, na kijana aliyekwenda mjini kutafuta kazi asiipate. Aliwaambia habari za kazi nyepesi na mshahara mzuri. Wengine waliambiwa kuwa Fiji ni mahali karibu na Calcutta.

Mmoja katika hao alikuwa Totaram Sanadhya, kijana wa wilaya ya Firozabad, aliyechukuliwa mwaka 1893. Aliishi Fiji miaka 21, na aliporejea kwao masimulizi yake yaliandikwa kitabu kwa Kihindi, kikachapishwa mwaka 1914. Alisimulia kuwa kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu walifundishwa neno moja la kujibu, nalo ni ndiyo. Hakimu aliuliza, na kila mmoja akaitikia. Hivyo sheria ilitimizwa, maana sheria ilitaka mtu akubali kwa kinywa chake mbele ya ofisa wa serikali.

Hata hivyo haifai kuwafanya watu wote hao kuwa mazuzu waliodanganywa. Hapa pana mjadala wa wataalamu ambao mwanafunzi hana budi kuujua. Mwaka 1974 Hugh Tinker, katika kitabu chake juu ya Wahindi wa mkataba, aliuita mpango huo utumwa wa namna mpya. Brij V. Lal, mwanahistoria mzaliwa wa Fiji na mjukuu wa mtu wa mkataba, alifuata njia nyingine. Alizisoma moja moja hati za safari zaidi ya 45,000 zilizoandikwa Calcutta. Kila hati ilikuwa na jina la msafiri, jina la baba yake, umri, tabaka, kijiji, urefu wa kimo na alama ya mwilini. Kutokana na hati hizo alionyesha, katika kitabu kilichotoka mwaka 1983, kuwa wasafiri walitoka katika matabaka ya kila namna, si ya chini peke yake, na kuwa wengi wao walikuwa wamekwisha kutoka vijijini kwao kutafuta riziki kabla hawajakutana na arkati. Kodi za ardhi, madeni, na njaa za mara kwa mara zilikuwa zimeanza kuwahamisha. Kwa hiyo walikuwa watu waliokuwa njiani, nao wakageuzwa njia.

Maoni hayo mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Mtu aweza kuondoka kwao kwa hiari yake, na bado akafungwa asikotaka. Hiari ya mwanzo haihalalishi kifungo cha mwisho.

Karatasi waliyowekea alama za vidole ilikuwa na masharti haya. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Kazi ilikuwa saa tisa kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, na saa tano siku ya Jumamosi. Mshahara wa mwanamume ulikuwa shilingi moja kwa siku, na wa mwanamke peni tisa, au kiasi hicho hicho kwa kila kazi ya kipimo iliyomalizika. Baada ya miaka mitano mtu alikuwa huru kurudi kwa nauli yake, na baada ya miaka kumi serikali ingemrudisha bure. Masharti hayo yaliandikwa pia katika lugha za Bara Hindi, lakini wengi wa waliowekwa mbele yake hawakujua kusoma. Jambo kubwa zaidi ni lile ambalo karatasi haikulitaja. Ilitaja mshahara na saa, haikutaja gereza. Katika sheria za Fiji, mtu wa mkataba aliyekosa kuja kazini au kushindwa kumaliza kipimo chake hakuhesabiwa kuwa amevunja mapatano tu, bali kuwa ametenda jinai. Alitozwa faini au kufungwa, na siku alizopoteza zikaongezwa mwishoni mwa mkataba wake.

Wasafiri walilichukua neno la Kiingereza lenye maana ya mapatano, wakalitamka kwa ndimi zao, likawa girmit. Aliyefungwa nalo akaitwa girmitiya. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hatalistaajabia neno hilo. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wafanya kazi walioletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Njombe na Songea waliitwa manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba yake kabla ya kujulikana kwa jina lake. Huko Fiji msimamizi wa Kizungu aliitwa kulambar, na husemwa kuwa asili yake ni amri ya Kiingereza ya kuita namba. Pande mbili za dunia, zisizojuana, zililiokota neno moja katika kinywa cha bwana mmoja. Lugha ya wafanya kazi ni ushahidi ambao makarani hawakukusudia kuuhifadhi.

Merikebu ya kwanza, Leonidas, ilitia nanga Levuka tarehe 14 Mei, 1879, ikiwa na Wahindi 463. Njiani ilikuwa imeingiwa na ndui na kipindupindu, hata abiria wakawekwa kwanza katika kisiwa kidogo cha Yanuca Lailai, mbali na watu. Serikali ilikuwa imejifunza kwa surua ya miaka minne nyuma. Kwa merikebu za matanga safari ilichukua zaidi ya miezi miwili. Kwa meli za moshi, zilizokuja baadaye, ilichukua kama mwezi mmoja. Lakini urefu wa safari haukuwa siku zake tu. Kwa Mhindu wa zama zile kuvuka bahari, waliyoiita maji meusi, kulikuwa kupotewa na tabaka. Ndani ya merikebu Brahmani alikula chakula cha chungu kimoja na fundi wa ngozi. Waliosafiri pamoja waliitana jahaji, yaani watu wa jahazi moja. Neno hilo na jahazi la Kiswahili ni ndugu, maana yote mawili yanatoka katika asili moja ya Kiajemi na Kiarabu. Udugu wa jahaji uliheshimiwa kama udugu wa damu, na watu waliojikuta hawana ukoo walijifanyia ukoo mpya juu ya maji.

Tarehe 11 Mei, 1884, merikebu iliyoitwa Syria ilipanda mwamba wa Nasilai, karibu na mlango wa mto Rewa, ikavunjika. Watu 59 walikufa. Daktari William MacGregor aliongoza mashua za kuokoa, na wanakijiji wa pwani ile walishiriki kazi hiyo. Tukio hilo ni la majonzi, lakini lina jambo moja la kutazamwa. Kati ya mara za kwanza za Mfiji na Mhindi kukutana uso kwa uso pasipo gavana wala kampuni katikati, moja ilikuwa ile ya baharini, mmoja akizama na mwingine akinyoosha mkono. Baada ya hapo wakatengwa: Mfiji akabaki kijijini chini ya chifu wake, Mhindi akapelekwa shamba chini ya kulambar wake, na kila mmoja akamjua mwenziwe kwa kusikia.

Kazi ya shamba ilikuwa ya ngwe. Msimamizi alipima mistari ya miwa ya kupalilia, kukata au kupakia, akamwonyesha kila mtu mpaka wake. Ngwe ilikusudiwa iwe kazi ya saa sita za mtu mwenye nguvu. Lakini mpimaji ndiye aliyeamua nguvu ya mtu, na mpimaji alitumwa na mwenye faida. Wengi, hasa katika miaka ya mwanzo, hawakuweza kuimaliza, na hivyo shilingi ya karatasi haikuwa shilingi ya mkononi. Walilala katika vyumba vya safu, kila chumba futi 10 kwa futi 7, wanaume watatu wasio na wake, au mume na mke na watoto wao. Kuta hazikufika juu, hata moshi, kilio na siri za chumba kimoja zilikuwa mali ya safu nzima. Maisha hayo waliyapa jina narak, yaani jahanamu.

Sheria ilitaka wanawake 40 waende kwa kila wanaume 100. Mwanamke alifanya kazi ya jembe mchana na kazi ya chungu usiku, kwa peni tisa, na mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Idadi ya watu waliojiua katika mashamba ya Fiji ilikuwa kubwa, na ilipowashtua wakubwa walisema sababu ni wivu wa wanaume wengi juu ya wanawake wachache, na tabia mbaya ya wanawake wenyewe. Lal alipolichunguza jambo hilo aliona kuwa maelezo hayo yaliwafaa waliokuwa na lawama ya kukwepa. Upweke, kazi isiyokwisha, kuvunjika kwa ukoo na kukata tamaa havikuwa na nafasi katika taarifa zao; mwanamke alikuwa nayo. Aliyekuwa dhaifu kuliko wote ndiye aliyebebeshwa mzigo wa makosa ya wote.

Mmoja wao alikataa. Mwaka 1913, katika shamba la migomba la Nadewa huko Rewa, mwanamke aitwaye Kunti alitumwa kupalilia peke yake mahali pa mbali na wenziwe. Msimamizi alimjia kwa nia mbaya. Kunti alimponyoka, akajitupa mtoni, akaokolewa na kijana aliyekuwa na mtumbwi karibu. Habari yake ilifika Bara Hindi, ikachapishwa katika gazeti la Bharat Mitra. Wakubwa wa Fiji walimkanusha. Lakini kilio cha mwanamke mmoja aliyekuwa hajui kuandika kilikwisha kusomwa na watu ambao hesabu za vifo hazikuwa zimewagusa.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda upesi. Manilal Doctor, mwanasheria, alikuwa amewasili mwaka 1912 kuwatetea Wahindi wa Fiji, na Totaram alikuwa miongoni mwa waliomwita. Kitabu cha Totaram kikatoka mwaka 1914. Mwaka 1915 C. F. Andrews na W. W. Pearson walikwenda Fiji, wakayaona mashamba kwa macho yao, wakaandika taarifa kali. Mwezi wa Machi, 1916, Madan Mohan Malaviya alitoa hoja katika baraza la kutunga sheria la Bara Hindi kutaka mkataba ukomeshwe, na Lord Hardinge, mwakilishi wa Mfalme, aliikubali. Merikebu ya mwisho, Sutlej, ilifika Fiji mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Tarehe 1 Januari, 1920, mikataba yote iliyobaki ilifutwa. Girmit ilikuwa imedumu miaka 41 kasoro miezi michache.

Hapa yafaa kutazama kidogo upande wa pili wa Bahari ya Hindi, ili mfanano usizae kosa. Wahindi wa mkataba wapatao 32,000 waliletwa pia Mombasa kujenga reli ya Uganda, iliyoanza mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Kiasi cha 2,500 walikufa, na waliosalia wengi walirudi makwao. Kama 6,700 tu ndio waliobaki. Wahindi wengi walioweka maduka katika miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika hawakuwa wana wa wajenzi wa reli, bali wafanya biashara waliojilipia nauli. Katika Fiji mambo yalikuwa kinyume. Waliobaki walikuwa wengi kuliko waliorudi, na wao ndio mababu wa Wahindi walio wengi wa visiwa vile.

Kwa nini walibaki, ilhali nauli ya bure iliwangoja? Wengine walikwisha kuoa au kuolewa nje ya tabaka lao, wakajua kijiji hakitawapokea. Wengine walirudi kweli, wakafukuzwa na ndugu waliowagawia mali yao, wakaishia Matiaburz, mtaa wa Calcutta karibu na bandari, wakiomba meli ya kuwarudisha Fiji. Walikuwa wamekwenda ng'ambo kama wageni, na sasa kwao kumekuwa ng'ambo. Na wengine walibaki kwa sababu ya shamba. Kampuni ilipokosa watu wa mkataba iliyakata mashamba yake vipande vya ekari kama 10, ikawakodisha waliokuwa manamba wake. Wengine walikodi ardhi kwa Wafiji wenyewe. Jembe likabaki mkononi mwao, na kwa mara ya kwanza mavuno yakawa yao. Ila ardhi ilikuwa ya kukodi.

Katika neno hilo la kukodi ndimo mlimolala deni. Sehemu kubwa sana ya ardhi ya Fiji ni mali ya koo za wenyeji, wala haiuzwi. Mwaka 1940 bodi iliundwa ya kuisimamia kwa niaba yao, na Ratu Sir Lala Sukuna, kiongozi mkubwa wa Wafiji wa wakati huo, ndiye aliyewashawishi machifu waikubali. Kwa Mfiji ardhi hiyo si bidhaa. Ni makaburi ya baba zake na jina la ukoo wake. Kwa Mhindi ilikuwa miaka mingi ya jasho lisilo na hati. Hesabu ya watu ya mwaka 1946 ilipoonyesha kuwa Wahindi wamekuwa wengi kuliko wenyeji, hofu ya mwenyeji ilipata tarakimu. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuhofu, na hapana aliyemweleza mwenziwe.

Fiji ilipata uhuru tarehe 10 Oktoba, 1970, na kampuni ya sukari ikaondoka mwaka 1973. Mtu wa tatu alikwenda zake. Mgeni na mwenyeji wakaachiwa hesabu zake. Tarehe 14 Mei, 1987, miaka 108 kamili tangu Leonidas kutia nanga, Luteni Kanali Sitiveni Rabuka aliingia bungeni na askari, akaipindua serikali iliyokuwa na Wahindi wengi ndani yake. Mapinduzi mengine yakafuata, mwaka 2000 na mwaka 2006. Kuanzia 1997 mikataba ya miaka 30 ya mashamba ilikwisha, na wakulima wengi wakahama. Makumi ya maelfu walipanda tena vyombo, mara hii ndege, kwenda Australia, New Zealand na Canada. Katika hesabu ya mwaka 2007 Wahindi walikuwa wamebaki kama asilimia 37 ya watu wote. Lal mwenyewe, aliyewarudishia wazee wake majina yao kutoka katika hati, alifukuzwa na serikali ya kijeshi mwaka 2009, akafariki Australia mwaka 2021.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Mwaka 2023 serikali ya Fiji iliitangaza siku ya Girmit kuwa sikukuu ya taifa kwa mara ya kwanza. Tarehe 14 Mei ya mwaka huo, katika ibada ya upatanisho huko Suva, yule Rabuka wa mwaka 1987, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu aliyechaguliwa kwa kura, alisimama mbele ya Wahindi wa Fiji akakiri kosa na kuomba radhi. Kuomba radhi hakurudishi shamba wala hakumrudishi aliyehama. Lakini kuna jambo moja ambalo halikuwa limetendeka tangu mwaka 1879 katika mkutano wowote mkubwa kiasi hicho: mwenyeji alisema na mgeni kwa kinywa chake mwenyewe.

Mwanafunzi wa historia atakutana na habari nyingi za namna hii, za watu waliokwenda mbali kufanya kazi na wajukuu wao wakagombana na wenyeji. Aghalabu ataambiwa kuwa ugomvi umetokana na damu, au dini, au chuki ya tangu zamani. Kabla ya kukubali, na arudi katika methali ya wahenga, aulize maswali yake yaliyo rahisi: nani alimwita mgeni, shamba lilikuwa la nani, na mavuno yalipelekwa wapi. Katika Fiji hati za safari bado zipo, zenye majina ya watu, vijiji vyao na alama za miili yao. Aliyewapa jembe hakuandikwa juu yake, na ndiye yapasa kutafutwa kwanza.